Kusoma kifungu cha Qurani kwa mbinu za kitaaluma za leo: An-Nisaa aya ya 1 hadi ya 10, hatua kwa hatua

Mjadala wa wake wengi haukatiki, na wengi wanaouingia hunukuu nusu ya aya: oeni wawili, watatu, wanne. Lakini aya ya 3 ya An-Nisaa haianzi hapo. Inaanza na sharti, na sharti lenyewe ni la mayatima: "Na mkiogopa kwamba hamtawafanyia uadilifu mayatima, basi oeni..." Mayatima wameingiaje katika habari ya ndoa? Anayelijibu swali hilo kwa utaratibu hujikuta amepitia karibu mbinu zote kubwa za tafsiri zilizojengwa tangu mwisho wa karne ya 19: uchunguzi wa maana za maneno, muundo wa sura, tafsiri ya kimaudhui, uhakiki wa riwaya (habari zilizopokewa kutoka vizazi vya mwanzo), makusudio ya sheria, na njia ya Fazlur Rahman ya kwenda enzi ya wahyi (ufunuo) na kurudi. Kwa hiyo tutakishika kifungu hiki kimoja mpaka mwisho.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa chuo, ustadhi wa madrasa, au mwalimu wa dini anayeweza kuufuata msahafu kwa Kiarabu, hata kama nahau yake ni ya wastani. Hautoi fatwa. Hapa tunatafuta maandishi yanasema nini, walioyasikia mara ya kwanza waliyaelewaje, na ushahidi wa kila dai ni upi.

Shikilia mpangilio wa hatua. Maandishi kwanza, halafu maneno, halafu muundo, halafu Qurani nzima. Riwaya na wafasiri baadaye, na hali ya leo mwisho kabisa. Anayeanza na hali ya leo huyakuta ndani ya aya yale yale aliyoingia nayo, awe anatetea wake wanne au anawapinga.

Vifaa

Tumia msahafu wa riwaya (hapa, usomaji uliopokewa) ya Hafs kutoka kwa Asim wenye hesabu ya aya ya msahafu wa Cairo wa 1924. Ndio uliosambaa zaidi, na An-Nisaa ndani yake ina aya 176. Kuwa macho na namba. Tarjuma za Jumuiya ya Ahmadiyya huhesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza, kwa hiyo aya yetu ya 3 kwao ni ya 4. Vitabu vya zamani vya Ulaya navyo vilifuata chapa ya Flügel ya 1834, ambayo hesabu yake hupishana na ya Cairo kwa aya kadhaa. Wanafunzi wengi hukanusha nukuu sahihi kwa sababu walifungua aya ya jirani.

Chukua tarjuma mbili za Kiswahili, kwa mfano ya Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy iliyotoka kamili mwaka 1969, na ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani ya 1995 iliyoegemea tafsiri ya Al-Muntakhab ya Misri. Zisome sambamba na uandike pembeni kila zinapotofautiana. Hapo pana jambo katika Kiarabu chenyewe linalotaka kuchunguzwa, na ndiyo faida kubwa ya tarjuma mbili.

Faharasa ya maneno ni lazima. Kwa kitabu, ya Muhammad Fuad Abd al-Baqi iliyochapwa Cairo 1945 bado inafaa kabisa. Kwa simu au kompyuta, Quranic Arabic Corpus iliyoanzia Chuo Kikuu cha Leeds hukupa mzizi na nahau ya kila neno. Kamusi ziwe za Kiarabu cha zamani: Ibn Faris kwa maana ya msingi ya mzizi, ar-Raghib al-Isfahani kwa matumizi ya Qurani, na Ibn Manzur kwa ushahidi wa mashairi. Kamusi ya Kiarabu cha magazeti iweke kando. Neno sayyara katika Yusuf aya ya 10 ni msafara wa wapita njia, na katika Kiarabu cha leo ni motokaa. Hapo kosa linaonekana wazi; kwa maneno kama haki, hukumu na dhulma halionekani, na ndiyo hatari yake.

Tafsiri tano zinatosha, mradi kila moja uwe na sababu ya kuifungua: at-Tabari (alifariki 923) kwa rai za vizazi vya mwanzo, az-Zamakhshari (1144) kwa lugha, ar-Razi (1210) kwa hoja na majibu yake, al-Qurtubi (1273) kwa fiqhi, na Ibn Ashur wa Tunis (1973) kwa makusudio. Nyingi zimewekwa bure katika tovuti ya Altafsir ya Jordan.

Hatua ya kwanza: kata kifungu na ukiandike kwa mkono

Aya moja haitoshi kufasiriwa peke yake. Tafuta mipaka ya kifungu kwa alama zilizo ndani ya maandishi: mwito mpya ("Enyi watu"), kubadilika kwa anayesemeshwa, maneno yanayorudi, na mada mpya inapoanza. Hapa aya ya 1 inafungua kwa mwito, aya ya 11 inaanza mafungu ya mirathi, na katikati aya ya 2 na ya 10 zinashikana kwa maneno yale yale: kula mali ya mayatima. Kifungu ni 1 hadi 10.

Andika kila kishazi kwenye mstari wake na masharti uyapeleke ukingoni. Aya ya 3 ikiandikwa hivyo hutoa mistari mitano: mkiogopa kutowafanyia uadilifu mayatima; basi oeni wanaokupendezeni katika wanawake, wawili, watatu, wanne; na mkiogopa kutofanya uadilifu; basi mmoja, au waliomilikiwa na mikono yenu ya kuume; hilo ndilo la karibu zaidi ili msidhulumu. "Mkiogopa" imekuja mara mbili, na kila ruhusa imefungwa na hofu ya kukosa uadilifu. Hili huonekana kwa macho mara tu aya inapoandikwa kwa mistari, wala halihitaji mfasiri yeyote.

Mstari wa nne unazungumzia watumwa wa kike. Usiuruke na usiulainishe. Pwani yetu inajua utumwa ulikuwa nini. Zanzibar hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa 1897 tu. Uache ulivyo, kwa maana utauhitaji katika hatua ya mwisho.

Hatua ya pili: angalia visomo

Hatua fupi, lakini isirukwe. Visomo vinavyokubalika, yaani namna zilizopokewa za kuyasoma maneno yale yale, wakati mwingine hubadilisha maana. Katika aya ya 1 wengi husoma wal-arhama, yaani mcheni Mwenyezi Mungu na mchunge undugu wa tumbo. Hamza, mmoja wa wasomaji saba, alisoma wal-arhami, na maana ikawa mnaombana kwa jina Lake na kwa undugu huo. Orodha ya visomo pamoja na picha za misahafu ya kale zimo katika mradi wa Corpus Coranicum wa Chuo cha Sayansi cha Berlin-Brandenburg ulioanza 2007. Kwa swali letu la mayatima visomo havibadilishi hoja. Andika hivyo na uendelee.

Hatua ya tatu: hesabu maneno, kisha yachimbe

Chukua kalamu za rangi. Katika aya hizi kumi neno mali (amwal) limekuja mara 7, kitenzi cha kula mara 6, mayatima mara 5, na mzizi wa nikahi mara 2 tu, mmoja wa hizo ukiwa katika aya ya 6 kwa maana ya kufikia umri wa kuoa. Hesabu peke yake haithibitishi tafsiri, ila inaonyesha uzito uko wapi. Kifungu ambacho watu hukiita cha wake wanne, kwa maneno yake chenyewe, ni kifungu cha mali ya watoto waliofiwa na baba.

Sasa maneno mawili ya uadilifu. Kiswahili huyakutanisha, lakini aya ya 3 inayatenga: kwa mayatima imetumia tuqsitu, kwa wake imetumia ta'dilu. Mtaalamu wa Kijapani Toshihiko Izutsu (1914–1993) alifundisha kwamba maana ya neno la Qurani isitolewe kamusini peke yake. Kusanya mahali pote lilipotumika, uangalie linaandamana na maneno gani na kinyume chake ni kipi. Ukiufuata mzizi q-s-t utakutana nao kwenye mizani, ushahidi na hukumu: kumpa kila mtu fungu lake kamili. Utakutana pia na mtego wake. Katika Al-Jinn aya ya 14 na 15 al-qasitun ni wapotovu, kuni za Jahanamu, ilhali katika Al-Hujurat aya ya 9 al-muqsitin ni waadilifu wanaopendwa na Mwenyezi Mungu. Mzizi ni ule ule, umbo la kitenzi ni tofauti. Anayetafuta mzizi bila kuangalia umbo atageuza maana chini juu, na kosa hili limejaa tangu faharasa za kompyuta zilipoenea.

Neno la mwisho la aya, ta'ulu, lina mgogoro wa kweli. Wafasiri walio wengi (jumhuri) wanasema "msielemee kwenye dhulma". Imam Shafii (alifariki 820) amepokewa akisema "msiwe na wategemezi wengi". Wengi walimpinga kwa upande wa lugha. Az-Zamakhshari, bingwa wa lugha, alimtetea. Rai zote mbili ziingie daftarini pamoja na hoja zake. Usichague bado.

Hatua ya nne: tafuta mshikamano

Wafasiri wa zamani wengi walikwenda aya kwa aya. Huko India, Hamiduddin Farahi (1863–1930) na mwanafunzi wake Amin Ahsan Islahi (1904–1997) walisisitiza nadhamu: kila sura ina nguzo yake, na kila aya huelewekea mahali ilipopangwa. Kwa kifungu chetu, andika kazi ya kila aya kwa maneno yasiyozidi sita: asili moja ya watu wote, rudisheni mali za mayatima, ndoa kwa sharti la uadilifu, mahari ni ya mwanamke, msiwakabidhi mali wasiojimudu, wapimeni mayatima, wapeni, shuhudisheni, wanaume na wanawake wana fungu, wapeni waliohudhuria mgawanyo, fikirini watoto wenu wenyewe, anayekula mali ya yatima anakula moto.

Ukiisoma orodha hiyo kutoka juu kwenda chini, ndoa ya aya ya 3 imesimama katikati ya hukumu za mali za watu wanyonge. Hiyo ni hoja nzito, na imetoka katika mpangilio wenyewe.

Siku hizi wengi wanapenda kutafuta muundo wa pete, ambapo mwanzo unalingana na mwisho, cha pili na cha pili kutoka mwisho, na katikati pakawa na kiini. Mbinu ni nzuri ikidhibitiwa. Jiwekee sharti kwamba ulinganifu uonekane katika maneno, mada peke yake haitoshi. Aya ya 2 na ya 10 zinafaulu. Aya ya 3 na ya 9 zinashirikiana neno la hofu: kumwogopea yatima, kuwaogopea watoto wako dhaifu. Aya ya 6, katikati ya 2 na 10, ndiyo yenye utaratibu wa kukabidhi mali, nalo linavutia. Lakini aya ya 4 na ya 8 hazifungwi na neno lolote zito, wala ya 5 na ya 7. Andika kwamba pete imetimia kwa sehemu. Ukilazimisha jozi zote, msomaji makini ataacha kukuamini hata pale ulipo sahihi.

Hatua ya tano: mayatima katika Qurani nzima

Hii ndiyo tafsiri ya kimaudhui. Amin al-Khuli wa Misri (1895–1966) aliiwekea kanuni, na mkewe Aisha Abd al-Rahman, anayejulikana kama Bint ash-Shati (1913–1998), akaitekeleza: kusanya aya zote za jambo hilo, zipange kwa kadiri ya kushuka kwake, ndipo utoe maana.

Neno yatima na maumbo yake limekuja mara 23, nane kati yake zikiwa ndani ya An-Nisaa. Zipange. Sura fupi za Makka zinagusa dhamiri: Ad-Duha aya ya 6 na 9, Al-Fajr 17, Al-Balad 15, Al-Maun 2. Halafu Al-Israa 34 na Al-An'am 152 zinatoa katazo: msiikaribie mali ya yatima ila kwa njia iliyo bora. Madina, Al-Baqara 220 inaruhusu kuchanganya matumizi yao na yenu, kwani ni ndugu zenu. Kisha An-Nisaa 6 inaleta utaratibu kamili: mpime, ukimwona ana busara mkabidhi, tajiri ajizuie, maskini ale kwa kadiri ya wema, na siku ya kukabidhi wekeni mashahidi. Mwendo ni huu: dhamiri, katazo, ruhusa yenye tahadhari, utaratibu wenye mashahidi. Mtu aliyesoma aya ya 3 peke yake hawezi kuuona.

Mpangilio wa kushuka usiuchukulie kuwa hakika. Orodha za wanazuoni wa Kiislamu na ile ya Theodor Nöldeke ya 1860 zinakubaliana kwa mambo makubwa, zikiachana katika mengi madogo. Na sura ndefu za Madina zina vifungu vya nyakati mbalimbali. "Makka kabla ya Madina" unaweza kuisimamia. "Aya hii ilitangulia ile kwa miezi miwili" hapana.

Aya mbili za sura hiyo hiyo ni muhimu kuliko zote. Aya ya 127 inasema watu wanaomba hukumu kuhusu wanawake, kisha inawarejesha kwenye "mnayosomewa katika Kitabu" kuhusu mayatima wa kike ambao hawapewi walichoandikiwa. Qurani yenyewe, basi, inaunganisha yatima wa kike, haki yake ya mali na ndoa. Hilo ni jibu la swali letu kutoka ndani. Aya ya 129 nayo inasema hamtaweza kufanya uadilifu baina ya wanawake hata mkipania, halafu inaendelea: basi msielemee moja kwa moja mkamwacha mwingine kama aliyetundikwa, si mke wala si mtalaka. Nakili aya yote. Ugomvi mwingi unatokana na kuikata katikati.

Upande wa maandiko yaliyotangulia, linganisha aya ya 9 na Kutoka 22:22–24 katika Biblia. Kutoka linakataza kumtesa mjane na yatima, likitishia kwamba wake wa watesaji nao watakuwa wajane na watoto wao mayatima. Aya ya 9 inachukua fikra hiyo hiyo kwa njia nyingine: inamtaka mlezi ajifikirie yeye akifa na kuacha watoto dhaifu. Onyo la moto linasubiri mpaka aya ya 10. Faida ya kulinganisha ni kuona maandishi yanasemaje kwa sauti yake. Anayeishia kwenye "imetoka kule" amesimama kabla ya kazi kuanza.

Hatua ya sita: riwaya za sababu ya kushuka

Sasa fungua at-Tabari na uzipange rai. Ya Bibi Aisha: aya inahusu yatima wa kike aliye chini ya msimamizi anayetamani mali yake. Ya Ikrima: mwanamume wa Kikureshi alioa wake wengi, akafilisika, akaingia mali ya mayatima. Ya Said bin Jubayr na wengine: kama mnavyoogopa kuwadhulumu mayatima, ogopeni vivyo hivyo kuwadhulumu wanawake. Ya Mujahid: mkiona dhambi kula mali ya mayatima, ioneni katika zinaa pia, basi oeni. At-Tabari mwenyewe anaelekea rai ya tatu. Wengi hudhani wa zamani walikuwa na kauli moja. Ukurasa huu unaonyesha sivyo.

Riwaya ya Aisha ichunguze kwa karibu, kwani ipo kwa al-Bukhari kwa njia mbili, zote kupitia mpwa wake Urwa bin az-Zubayr. Moja imetoka kwa Hisham mwana wa Urwa, nyingine kwa Ibn Shihab az-Zuhri. Harald Motzki (1948–2019) alifundisha kuchunguza sanadi (mlolongo wa wapokezi) na matini (maneno ya habari yenyewe) kwa pamoja: weka matini mbili kando kwa kando, tia alama yanayofanana na yanayotofautiana. Kwa Hisham, mwanamume alikwisha kumwoa yatima mwenye mtende, akamshikilia kwa ajili ya mtende huo bila kumtaka nafsini. Kwa az-Zuhri, msimamizi amevutiwa na mali na uzuri wake na anataka kumwoa bila mahari ya haki. Habari zinatofautiana kiasi cha kuonyesha kwamba mmoja hakunakili kwa mwenziwe, na zinakubaliana katika kiini. Mwanahistoria anaweza basi kusema kwa uzito kwamba kiini hicho kilifundishwa na Urwa mwenyewe, vizazi viwili tu baada ya tukio. Muumini anayekubali sanadi atakwenda zaidi ya hapo. Katika maandishi yako sema umesimamia wapi.

Vita vya Uhud (mwaka wa 3 Hijria, 625) hutajwa sana: Waislamu takriban 70 waliuawa, wakabaki wajane na mayatima, ndiyo maana ikaruhusiwa. Kwa aya ya 3 hilo ni hitimisho la wasomaji kutokana na wakati wa sura. Riwaya ya Aisha haiitaji Uhud. Riwaya iliyo wazi kuhusu Uhud ni ya mabinti wawili wa Saad bin ar-Rabii, aliyeuawa huko na mali yake ikachukuliwa na nduguye, nayo inahusu aya za mirathi zinazofuata. Mazingira yanaingiliana, lakini usihamishe riwaya ya aya ya 11 ukaibandika kwenye aya ya 3.

Kumbuka pia kwamba swahaba akisema "aya hii iliteremka kuhusu jambo fulani" huenda anamaanisha inahusu jambo hilo, bila kudai lilitokea saa ile.

Hatua ya saba: wafasiri wa zama zetu

Muhammad Abduh (1849–1905), kama alivyonukuliwa na Rashid Rida katika tafsiri ya Al-Manar, aliona sharti la uadilifu ni zito mno, na kwamba madhara ya wake wengi katika jamii ya wakati wake yanahalalisha kuyazuia. Amina Wadud, Mmarekani, mwaka 1992 alisisitiza uhusiano wa aya na usimamizi wa mali ya mayatima. Nchini Tunisia, Kanuni ya Hadhi ya Binafsi ya 13 Agosti 1956 ilikataza wake wengi katika kifungu cha 18, na walioitetea waliunganisha aya ya 3 na ya 129: sharti ni uadilifu, na uadilifu hauwezekani.

Jibu la jumhuri nalo lisomwe kwa ukamilifu. Wanasema aya ya 129 inakusudia mapenzi ya moyo. Uadilifu wa aya ya 3 ni wa matumizi, makazi na zamu, ambao unawezekana. Na maneno "msimwache kama aliyetundikwa" yanadhania kuwa mke zaidi ya mmoja bado yupo. Hoja hii inashika mwisho wa aya ya 129 vizuri. Hoja ya Tunisia inashika ukali wa "hamtaweza" na neno lile lile, ta'dilu, lililotumika katika aya zote mbili. Kila upande una ushahidi wake katika maandishi, na asiyeweza kuieleza hoja ya mpinzani wake kwa namna ambayo mpinzani mwenyewe ataikubali hajamaliza hatua hii.

Hatua ya nane: kwenda na kurudi

Fazlur Rahman (1919–1988), mwanazuoni wa Pakistani aliyefundisha Chicago, aliieleza njia yake kwa ukamilifu mwaka 1982. Kwanza nenda enzi ya wahyi, uelewe hali iliyojibiwa na hukumu, utoe kusudio la jumla. Pili, rudi leo ulitekeleze kusudio hilo katika hali ya sasa, baada ya kuichunguza hali hiyo kwa makini yale yale. Wanaofeli hapa mara nyingi wamefanya nusu ya kwanza kwa bidii na ya pili kwa kukisia.

Andika kusudio katika sentensi moja. Kisha lipime kwa maswali matatu: linaeleza zaidi ya kishazi kimoja cha kifungu? Limo katika aya nyingine za maudhui hayo? Linaacha kishazi chochote bila kazi? "Aya inataka mke mmoja" linajikwaa kwenye swali la tatu, kwa sababu mstari wa pili wa aya ya 3 unabaki bila kazi mpaka ueleze kwa nini ruhusa ilitolewa. "Aya inawapa wanaume haki ya wake wanne" linajikwaa kwenye la kwanza, maana halielezi mayatima, mahari, mashahidi wala moto. Lenye kusimama imara ni hili: mali na heshima ya mnyonge aliye mikononi mwa mwenye nguvu havilindwi kwa nia njema peke yake, vinahitaji kipimo, muda wa kukabidhi na mashahidi, na ndoa isiwe mlango wa kuvipora. Mstari wa watumwa wa kike nao unapata mahali pake: mazingira yalikuwa na taasisi ambayo leo haipo, na anayesema kila kishazi kitekelezwe kama kilivyo lazima aeleze huo atautekelezaje.

Wakosoaji wa Fazlur Rahman wana swali halali: nani anaamua kusudio ni lipi? Maswali yale matatu hayaliondoi, yanapunguza uhuru wa kubuni tu. Ndiyo maana hatua za kwanza hazirukwi.

Kurudi leo kunataka ujue mali ya yatima iko wapi leo. Ni kiwanja chenye hati kwa jina la marehemu, akiba ya benki, mafao ya kazini, duka linaloendeshwa na baba mdogo. Kabla ya kuandika sentensi moja ya "kwa hiyo leo", soma sheria ya mahali pako kuhusu msimamizi wa mirathi: Kenya na Zanzibar utapitia Mahakama ya Kadhi, Tanzania Bara utapitia mahakama za kawaida. Uliza msimamizi hutoa hesabu kwa nani na lini. Kama hatoi kwa mtu yeyote, aya ya 6 ina la kusema hapo kwa uwazi kuliko katika mjadala wowote wa idadi ya wake.

Kuandika matokeo

Tenga ngazi za uhakika kwa maneno yasiyobadilika: "maandishi yanasema" kwa kilichomo katika aya, "riwaya inasema" pamoja na jina la mpokezi, "wafasiri kadhaa wanaona" pamoja na majina, na "ninapendekeza" kwa hitimisho lako. Ukisoma rasimu, pigia mstari kila "Uislamu unasema" na ubadilishe kwa ngazi inayostahiki. Katika darasa la msikitini, ngazi hizi hutuliza pia mabishano, kwa sababu wasikilizaji wanajua unapinga mtu gani na hupingi nini. Aya za Kiarabu zinakiliwe kutoka msahafu, zisiandikwe kwa kumbukumbu, na tarjuma uliyoitumia itajwe.

Zoezi la pili lifanye kwa Al-Maun. Ina aya saba tu, yatima yumo katika aya ya 2, na wanazuoni wamegawanyika kama aya za 4 hadi 7 ni za Makka au za Madina. Anza kwa kuuliza kama maneno ya nusu ya pili yanaiendeleza nusu ya kwanza, na usifungue tafsiri yoyote mpaka orodha yako ya maneno imekamilika.